Pua ya Fundi wa Mabodi

Zamani kikohozi chake kilikuwa kinafika dukani kabla yake. Mtaa wetu wa Kariakoo una spika tatu za matangazo zinazoshindana kutwa nzima, una wabeba mizigo wanaokufokea upishe hata kama huna pa kupishia, na bado nilikuwa nakisikia kikitokea kona ya wauza mabegi, kikavu, kinakatika mara mbili kisha kinaanza upya. Hapo nilikuwa nashusha dumu la rezini kutoka rafu ya juu, nafungua kifuniko, nasubiri. Akiingia hasemi neno la biashara mpaka anuse.

Namwita Fundi. Jina analo, na duka zima linalijua, lakini halijawahi kutoka kinywani mwangu. Kwao wapi, mtoto wa nani, hayo sikuuliza, naye si mtu wa kujieleza. Mimi nauza rangi, gundi na faiba katika fremu ya duka aliyoniachia marehemu baba, na nilichokijua kwanza juu yake ni kile alichokuja kukitafuta: vitu vya kutengenezea mabodi ya mawimbi, yale marefu yaliyochongoka mbele, ambayo vijana wa Kigamboni wanayalalia tumbo, wimbi likifika wanasimama juu yake na kuletwa mpaka mchangani. Anayatengeneza kwa mkono, uani kwake Magomeni, chini ya bati.

Na cha pili nilichokijua, tena mapema kuliko daktari yeyote, ni kwamba kazi hiyo ilikuwa inamla kifua. Nusu ya kilichokuwa kinamla ilikuwa inatoka kwenye rafu zangu.

Nianze na pua, maana ndiyo iliyotukutanisha. Rezini ni ule uji unaopakwa juu ya kitambaa cha faiba, kile kilichofumwa kwa nyuzi za kioo. Ukichanganya na hadina, dawa ya kuugandisha, unakauka na kuwa mgumu kama gamba. Sasa mtaani kwetu wapo watu wanaoichakachua. Wanatia tina humo ndani, ile tina ya kulainishia rangi, ili dumu moja lizae moja na nusu. Kwa macho huoni kitu. Ukipaka ndipo unapojua, na kujua huko kunakuwa kumechelewa.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba mwanangu. Lete tuone."

Anainamia dumu, anafumba macho, anavuta pumzi ndefu ambayo mtu mwingine ingemtoa machozi. Halafu anatoa moja ya hukumu zake tatu. Hii nzima. Hii imelala, maana yake ya siku nyingi, itumie mapema. Au, wamekuchezea.

Mara ya kwanza kuniambia nimechezewa nilimjia juu. Dumu lilikuwa na lakiri yake, nimelipokea kwa mkono wangu, nimelifungua mbele yake. Hakubishana. Aliomba kifuniko cha kopo, akamimina kidogo, akatia hadina, akakiweka pembeni ya feni na kwenda zake. Kesho yake nikagusa. Ikanata kidoleni kama jemu. Keshokutwa ikanata vilevile. Nikarudisha mzigo mzima kwa aliyeniuzia, tukatukanana mpaka watu wakajaa, na tangu siku hiyo hakuna rezini iliyopanda rafuni kwangu kabla ya pua ya Fundi. Wenzangu wakawa wananitania kwamba duka langu lina kifaa bora cha ukaguzi kuliko bandari. Yeye alipoambiwa alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na tukasubiri kimalizike kama watu wanaosubiri mvua ipite.

Hayo ya pua. Kwenye povu, lile linalojaza tumbo la bodi, alikuwa mkali zaidi. Na hapa lazima nisimulie kisa ambacho yeye mwenyewe alikuwa anapenda kukisimulia kila mtu akianza kumsifu.

Kabla ya mabodi alikuwa fundi wa bampa. Gari likigonga, bampa likipasuka, yeye analishona kwa faiba. Siku moja vijana wakamletea bodi la mgeni fulani aliyeliacha ufukweni limekatika vipande viwili. Walitaka aliunge. Aliliunga, lakini kabla ya kuliunga alikaa na vile vipande siku tatu, akitazama pale palipokatika, akiona ndani kuna povu, katikati kuna kijiti chembamba cha mbao kinachopita kama uti wa mgongo, na juu ngozi ya faiba. Basi, akaona kumbe si uchawi. Akaenda soko la samaki la Feri akaokota masanduku meupe ya kubebea samaki, lile povu la chembechembe linaloelea na halina uzito. Akayaunganisha, akachonga kwa randa, akasugua kwa msasa. Anasema lilikuwa zuri mpaka mkewe akauliza kama linawekwa sebuleni. Vijana wakaja kuona likivishwa ngozi. Akachanganya rezini, akapaka mpako wa kwanza.

Povu likaanza kulia. Likazama, likatoboka, likayeyuka mbele ya kadamnasi kama sukari kwenye chai, maana povu jeupe na rezini hii yetu havikai nyumba moja. Vijana wakapiga kelele aache. Hakuacha. Alipaka mpaka mwisho, bodi zima likaisha, akabaki na kijiti cha mbao na ziwa la uji chini.

"Kwa nini hukuacha?" nilimuuliza.

"Limeshaharibika, nitaacha ili iweje? Acha nione linavyoharibika, ndiyo nijue."

Maneno hayo niliyacheka wakati ule. Siku hizi siyachekei.

Baada ya hapo akahamia povu la njano, lile gumu linalojazwa ndani ya milango ya friji na kuta za vyumba vya barafu. Hilo, rezini hailiwezi. Akawa rafiki wa wauza skrepa wote. Unamkuta amepiga magoti mbele ya friji mfu, anagonga mlango kwa kidole na kusikiliza. Akilipata linalompendeza anakata kipande cha ukubwa wa mche wa sabuni, anakuja nacho dukani, anakipima kwenye mizani yangu ya misumari, anakizamisha kwenye ndoo ya maji nyuma ya duka na kuweka jiwe juu. Kesho anarudi, anakifuta, anakipima tena. Kikiongezeka uzito hata kidogo, friji zima amelikataa. Wateja wangu walizoea. Mtu anakuja kununua rangi ya mlango, anakuta mzee anabishana na mizani kuhusu kipande cha friji.

Kuna kijana alikuja na sponji, ile ya godoro, mpya kabisa, ametoka nayo mtaa wa pili akiwa ameibeba kichwani. Anataka bodi. Fundi akaibonyeza, ikarudi juu. Akaibonyeza tena.

"Hii nzuri," akasema. "Ipeleke nyumbani ulalie. Ukiamka na akili, njoo nikuoneshe friji."

Kijiti cha katikati alikuwa hanunui mbao mpya hata umpe bure. Alikuwa anasubiri nyumba za zamani za Kariakoo zibomolewe, na zinabomolewa kila siku ili ghorofa zipande. Anaomba fremu za madirisha. Mvule uliokaa dirishani tangu babu zetu, anasema, umeshakauka, umeshapinda ulipotaka kupinda, hauna ujanja mwingine uliobaki. Hivyo ukiona bodi lake Kigamboni, pale katikati unaona mstari wa kahawia, huenda ni dirisha la nyumba uliyokuwa unapita kila siku ukienda shule. Mojawapo lina dirisha la bibi yangu. Nililitoa mwenyewe, na nilifurahi kulitoa.

Sasa mtu huyu, anayekataa friji kwa sababu limekunywa tone la maji, kifua chake mwenyewe alikuwa hakikagui. Povu la njano likisuguliwa linatoa vumbi laini kuliko unga wa sembe. Faiba ikipigwa msasa inatoa vumbi la kioo, inawasha kama upupu, na ukiivuta ndani haitoki. Rezini yenyewe mvuke wake unajulikana. Yeye alikuwa anafanya yote hayo kifua wazi, na uani amezungushia turubai ili vumbi lisiwafikie majirani. Majirani anawahurumia. Yeye anabaki ndani ya turubai.

Nikaanza kumpa barakoa. Kila akinunua, naweka barakoa tano juu ya mzigo, simwambii kitu. Alikuwa anazipokea kwa adabu, anashukuru, anazikunja vizuri mfukoni. Nikajipongeza moyoni. Ilipita karibu mwaka ndipo nikaenda Magomeni kumpelekea kitambaa, nikamkuta anachanganya rezini. Alichukua barakoa yangu, akaichana, akatoa lile tabaka la ndani, akabaki na kile kitambaa chepesi cha juu, akakifunga kwenye mdomo wa kopo na kuchujia rezini.

"Fundi! Hiyo ni ya kuvaa."

"Inachuja vizuri kuliko soksi," akasema. "Takataka moja ikiingia kwenye mpako, bodi lina kipele maisha yake yote."

"Na takataka zinazoingia kwako?"

"Mimi nani atanipanda?"

Nilikasirika mpaka nikaondoka bila kuaga. Wiki iliyofuata nilimwekea barakoa kumi. Ningefanya nini kingine?

Na ukidhani basi alikuwa mtu wa bahari, hapana. Kuogelea hajui. Anapeleka mabodi Kigamboni, anavuka kwa kivuko ameshika nguzo kwa mikono miwili, akifika anakaa mchangani na viatu vyake, anatazama. Hatazami anayepanda, anatazama bodi. Likirudi anainamia, analishika tumbo, anauliza linavuta kulia au kushoto, linazama pua? Nilikwenda naye mara moja. Mawimbi yalikuwa makubwa, msichana mmoja akasimama juu ya bodi lenye dirisha la bibi yangu, akateleza umbali mrefu, watu wakapiga makofi. Mimi nikalia kidogo, sioni haya kusema. Fundi akasema pezi la nyuma limekaa milimita mbili upande.

Mkewe alikuja dukani siku moja bila yeye kujua. Mama mpole, amejifunga kanga moja kichwani, nyingine kiunoni, hakukaa hata nilipompa kiti.

"Mwanangu, nimekuja kukuomba," akasema. "Usimuuzie tena. Baba yako siku hizi analala amekaa. Akilala chali pumzi inakata. Hospitali wamemwambia aache vumbi na hizo dawa, yeye anasema daktari hajawahi kuchonga kitu."

"Nisipomuuzia mimi, mama, si atanunua kwingine?"

"Huko kwingine hawamjui. Wewe anakusikiliza."

Hanisikilizi, nilitaka kumwambia. Lakini mtu mzima amesimama mbele yako na macho yale, utamwambiaje? Nikamwahidi. Fundi alipokuja nikamwambia rezini imekwisha, mzigo umekwama bandarini, hata sijui utatoka lini. Dumu lilikuwa nyuma yangu, nimelifunika kwa gunia. Akatikisa kichwa, akaenda zake taratibu, nikaona nimefanya jambo la maana. Nilimpigia mkewe simu nikamwambia.

Akanunua kwingine. Wakamuuzia iliyochakachuliwa. Akapaka bodi zima, pande zote mbili, halikukauka. Akasubiri siku tano, likanata vilevile. Ikabidi kuivua ngozi yote, kuikwangua, kusugua mpaka kwenye povu, kisha kuanza upya. Siku tisa za msasa ndani ya turubai kwa kazi ambayo ingekwisha kwa mpako mmoja wa asubuhi. Siku ya kumi walimpeleka hospitali amebebwa. Vumbi lote lile lilikuwa langu. Nilikusudia kumpunguzia, nikamwongezea, na mkewe hakunilaumu hata kwa neno moja, afadhali angenilaumu.

Kuna jambo moja nilipaswa kulielewa wakati ule. Mtu wa pua ile aliuziwaje rezini yenye tina? Sikujiuliza. Nilikuwa nimeshughulika mno na hatia yangu. Na nilikuwa nimeshaona, kwa mwaka mzima, kwamba akinusa dumu dukani kwangu siku hizi hafumbi macho. Niliona, nikapita.

Juzi amekuja. Sikumsikia. Nimeinua kichwa kutoka kwenye makopo ya rangi, nimemkuta amesimama mlangoni, ameshika fremu, anapumua kwa mabega. Kikohozi chenyewe hana tena nguvu za kukitoa. Baadaye muuza mabegi aliniambia kwamba kutoka kona mpaka kwangu alisimama mara tatu, akijifanya anaangalia mabegi.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba mwanangu." Akakaa juu ya ndoo ya rangi. Akashika magoti mpaka pumzi ikarudi. "Lete tuone."

Nikashusha dumu. Mazoea tu, mkono ulikwenda wenyewe. Nikafungua kifuniko, nikamwekea magotini. Akainama, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akainua uso.

"Hebu ninusie wewe."

"Mimi?"

"Pua imekwenda. Tangu mwaka juzi. Hapa kwako nilikuwa nainama tu, nakutazama usoni. Ukiwa umetulia najua nzima. Ukiwa na wasiwasi na mzigo, nasema wamekuchezea." Akatabasamu. "Sijakosea hata mara moja."

Akaniambia kuna bodi moja limebaki. Alilichonga kabla ya kwenda hospitali, povu la friji moja zuri ambalo hajawahi kuona mfano wake, uti wa mvule ndani, pezi tayari. Halijavishwa ngozi. Limekaa uani uchi miezi mitatu, jua linaanza kulibadilisha rangi, na povu lisilo na ngozi linaoza juu juu, linakuwa unga.

"Siwezi kuliacha uchi," akasema. "Nikishalivisha, basi."

Nikainamia dumu. Rezini ile ilinipiga puani mpaka nyuma ya macho, kali, mbichi, nzima kuliko mzigo wowote nilioupata mwaka huu.

"Ina tina," nikasema. "Wamenichezea, Fundi."

Baba yangu angefufuka angenichapa. Kuna mambo ambayo muuza duka wa Kariakoo hasemi hata akishikiwa panga, na la kwanza ni kuitukana bidhaa yake nzima mbele ya mteja. Nililisema bila kupepesa, na nikaendelea.

"Mzigo wote?" akauliza.

"Wote."

"Na huyo jirani yako?"

"Naye wamemchezea. Mtaa mzima, Fundi. Rudi nyumbani upumzike, ikija nzima nitakuletea mwenyewe."

Alikuwa ananitazama usoni. Nje spika moja ilikuwa inatangaza mashuka, nyingine dawa ya panya. Akaanza kucheka, kicheko kikamshika kifuani, nikamshika mabega asianguke kutoka kwenye ndoo, nikahisi mifupa mitupu chini ya shati. Kilipopita akafuta macho.

"Mara ya kwanza uliniambia mzigo umekwama bandarini," akasema. "Sikubisha. Nikaenda kwa wengine. Unajua yaliyotokea."

"Najua."

"Haya. Nipimie hiyo hiyo yenye tina."

Nikampimia. Ningemnyima, angekwenda kwa jirani, na ya jirani ndiyo iliyochezewa kweli. Nikamimina hata tone halikuanguka. Nikaweka hadina, nikakata kitambaa cha faiba na kukikunja vizuri kisipate mikunjo. Nilikuwa naona linavyoharibika, na mkono wangu ndio uliokuwa unapaka. Kisha nikatoa boksi zima la barakoa, nikaliweka juu ya mzigo. Nikashindwa kunyamaza.

"Nakuomba, Fundi. Safari hii tu."

Akalifungua boksi, akatoa mbili, akanirudishia zilizobaki. Miaka yote alikuwa anapokea ninazompa, hajawahi kuchagua idadi.

"Mbili?" nikauliza.

"Moja ya kuchujia."

"Na ya pili?"

Akafikiri, kama mtu aliyeulizwa jambo gumu.

"Ile ya kwanza huwa inaziba kabla sijamaliza kuchuja," akasema.

Nikamwongezea ya tatu.